Dada, nimepata chumba Manzese

Wadogo zangu, barua za wachumba na mahari nimeziweka pembeni kwanza, maana leo nina ya binti aliyekuja Dar es Salaam kutoka Morogoro na kupata kazi kwenye duka la vitambaa Kariakoo. Kwa sasa amefikia kwa shangazi yake Chamazi. Anaamka saa kumi alfajiri, anagombania gari, anarudi saa tatu usiku miguu imevimba. Dalali kamwonyesha chumba Manzese na kodi anaimudu, ila shangazi kakataa katakata: mtoto wa kike hakai Manzese, kule ni kwa vibaka na mateja. Binti ananiuliza, "Dada, niende au nimsikilize shangazi?"

Mdogo wangu, nenda. Ila kwa chumba hicho usitoe hata shilingi mpaka umalize haya nitakayokwambia. Na shangazi usimbishie. Mwombe mwende naye kukikagua, kwa sababu macho ya mtu mzima aliyekaa nyumba za kupanga yanaona vitu ambavyo wewe utavipita tu.

Shangazi hajasema uongo. Manzese ilijengeka pembeni mwa Barabara ya Morogoro, watu wakijenga wenyewe kabla viwanja havijapimwa, na malori, gesti, mitumba na soko la ndizi vikafuata. Penye watu wengi wanaopita na pesa mkononi, mwizi naye hayuko mbali. Jina likashika, na jina likishashika mahali halitoki. Lakini shangazi amekwambia nusu. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vipya Sinza, na katika mradi huohuo ikapeleka barabara na maji Manzese bila kuwabomolea watu. Leo anayesema anakaa Sinza anapewa heshima, na jirani yake wa Manzese anaulizwa kama hajakabwa. Halafu mwaka 2022, wale vijana wa Panya Road walipovamia watu majumbani na mapanga, habari zilizotutisha zilitoka Kawe na Chanika. Kwa hiyo ukiniuliza kama Manzese ni salama, au Tandale, au Buguruni, swali lenyewe siliwezi. Niulize kuhusu uchochoro fulani, nyumba fulani, saa tatu usiku. Hapo tutaelewana.

Na ujue Manzese inakupa nini. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita mlangoni pa wakazi wake. Unapandia kituo cha Tip Top au cha Argentina na unashuka Gerezani, Kariakoo. Zile saa unazozimalizia barabarani kutoka Chamazi zinarudi kwako: unalala, unafua, unasoma jioni ukitaka. Msichana anayefika nyumbani saa moja usiku kwenye mtaa wenye watu yuko salama kuliko anayeshuka saa tatu na nusu kwenye kituo chenye giza cha mtaa unaosifiwa kwa utulivu. Hili nalisema nikiwa na uhakika nalo, kwa sababu wengi wenu mliokabwa mmeniandikia kwamba mlikabwa njiani kutoka kituoni, siyo nyumbani.

Basi anza na njia. Dalali atakupeleka mchana, jua linawaka, atakupitisha barabara kubwa na kukuzungusha kwa mbele. Mwache afanye kazi yake. Kisha rudi bila yeye, siku ya kazi, saa ileile ambayo wewe ungekuwa unatoka dukani, na utembee kutoka kituoni mpaka kwenye mlango wa ile nyumba. Usiende peke yako. Nenda na kaka, na rafiki, na shangazi mwenyewe. Tazama duka dogo lililo karibu, la yule tunayemwita Mangi. Kama saa mbili limeshafungwa, au Mangi anauza kwa kutoa mkono kwenye kitundu cha nondo, mtaa umeshamfundisha kitu, na wewe umeshajifunza bila kuuliza. Kama mama wa mihogo na samaki wa kukaanga bado yuko na karai lake saa nne, watoto wanatumwa sukari, wazee wanacheza bao chini ya taa, hiyo njia ina wenyewe. Angalia pia hatua za mwisho, pale unapoacha barabara na kuingia kichochoroni. Ndipo penye shida. Kuna vichochoro Tandale kwa Mtogole ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Kichochoro chembamba peke yake hakina neno; kichochoro chembamba, kirefu, kisicho na mlango wa mtu unaofungukia humo, hicho sikitaki kwa ajili yako.

Kuhusu vijana wa kijiweni, usiwakimbie kwa sura. Bodaboda wanaokaa hapo kila siku wanamjua kila anayeingia, na wageni wenye nia mbaya hawapendi kupita mbele yao. Wasalimie. Kinachonitia wasiwasi ni kijiwe ambacho akina mama wa mtaa wenyewe wanakizunguka kwa mbali.

Ukifika kwenye nyumba, muulize mpangaji yeyote, hasa mwanamke, swali hili kama lilivyo: "Dada, mara ya mwisho hapa kuibiwa ilikuwa lini, na mwizi aliingiaje?" Usiulize kama pana usalama, maana kila mtu atajibu pana. Ukiuliza aliingiaje, utaambiwa habari zote, na mara nyingi utasikia neno upondo.

Mwizi wa upondo haingii ndani. Anakuja usiku wa manane, anachana wavu wa mbu, anapenyeza mti mrefu wenye ndoano au msumari kwenye ncha, na taratibu anavuta suruali iliyoning'inia mlangoni, mkoba uliowekwa kitini, simu iliyo kwenye chaji. Wewe umelala, feni inanguruma, husikii kitu. Kwa hiyo ukiingia kwenye chumba usianze kusifia rangi. Nenda dirishani. Pitisha mkono wako kati ya nondo; mkono ukipita mpaka kiwikoni, upondo utapita vizuri zaidi. Angalia kama dirisha linatazama uani au kichochoroni. Tazama pale mwizi anapoweza kusimama, na pale kitanda chako kitakapokaa. Chumba kinachotazama kichochoro hakikataliki, ila uweke kioo au mbao za kufunga usiku, na kitanda na stuli ya simu vikae ukuta wa pili. Haya ni matengenezo ya pesa kidogo, na mwenye nyumba mwelewa atakubali uyakate kwenye kodi, ilimradi mmekubaliana kabla ya kuhamia. Ukishahamia, umekwisha.

Tazama juu pia. Nyumba nyingi zetu za korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, hazina dari, au dari yake ni moja kwa vyumba vyote. Mtu akiingia chumba cha jirani anaweza kupitia juu ya ukuta akashukia kwako. Siri nazo zinapita hapohapo. Ukiongea na simu, nyumba nzima inajua mshahara wako.

Sasa maji, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu watu wanaogopa kibaka wanasahau mvua. Mto Ng'ombe unapita Tandale na Mwananyamala kuelekea Msimbazi, na Msimbazi wenyewe mnaujua kwa mafuriko. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nyumba ya bondeni ikipakwa rangi wakati wa kiangazi inapendeza sana na kodi yake ni ndogo, na sababu ya udogo huo haisemwi. Itafute mwenyewe. Kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa zege mpaka inabidi unyanyue mguu? Kitanda cha jirani kimepandishwa juu ya matofali? Ukutani kuna mstari wa ukungu uliolingana chumba kizima, kama umepigwa rula? Soketi zimehamishiwa juu usawa wa bega? Waliokaa hapo wanaishi kwa kujiandaa na maji. Mimi nikiona mawili kati ya hayo naondoka.

Mvua na choo ni ndugu. Uswahilini kuna watu wanasubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, uchafu uende na maji mtaani, kwa kuwa gari la kunyonya haliwezi kuingia kichochoroni au gharama ni kubwa. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia Kinondoni, enzi ambazo Manzese nayo ilikuwa ndani ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya. Basi ingia chooni, usione haya. Uliza shimo likijaa nani analipia, na gari linafika wapi. Uliza nyumba inatumia maji ya DAWASA au kisima, bomba linatoka siku zipi, na yakikatika mnanunua dumu kwa nani. Hesabu watu wa nyumba nzima, watoto ndani yake, ugawe kwa vyoo vilivyopo. Jibu litakuambia asubuhi yako itakavyokuwa, na wewe unawahi kazini.

LUKU ya umeme nayo inavunja undugu. Mteja mdogo wa nyumbani, yule ambaye havuki uniti 75 kwa mwezi, anauziwa umeme kwa bei nafuu, uniti zote 75 kwa shilingi 9,150. Mita inayozoea kuvuka hapo inahamishwa bei, na shilingi 10,000 inaleta uniti 28 hivi. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, feni kila chumba, redio, friji mbili, haiwezi kubaki kwenye 75. Kwa hiyo wewe mwenye taa moja na chaji ya simu utanunua umeme kwa bei kubwa kwa sababu ya friji ya mwenzako. Uliza kabla: mita ni ya nani, mnachangaje, mwenye friji na pasi anaongeza kiasi gani, na nani anashika hela za mchango. Uliza pia kama mita ina deni, maana deni hukatwa kwenye manunuzi na atakayelipa ni aliyenunua. Kuna na kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Kodi ile ni ya mwenye jengo, ila inakatwa kwa anayenunua umeme. Si hela nyingi, lakini itaje kwenye makubaliano, ili mwisho wa muda aipunguze kwenye kodi ya pango. Mwenye nyumba akikuona unalijua hilo, hata mazungumzo mengine yanakaa vizuri.

Tuje kwenye pesa. Tuseme chumba ni shilingi 70,000. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, hiyo ni 420,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, unafika 490,000 kabla hujanunua godoro. Kwa binti wa dukani hiyo ni akiba ya muda mrefu, na ndiyo maana matapeli wanaizunguka. Wanavyofanya ni hivi: mtu anapanga chumba, au anaazima ufunguo kwa mpangaji anayehama, anajifanya mwenye nyumba, anawaonyesha watu wengi siku moja, kila mmoja anatuma pesa kwa simu ili asiwahiwe. Jumamosi mnakutana mlangoni na magodoro yenu. Neno la kukushtua ni "kuna mwingine anakuja saa kumi". Akija aje, achukue. Chumba kingine kitapatikana, laki nne hazitapatikana.

Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe wa eneo, umuulize nyumba hii ni ya nani. Mjumbe anajua nyumba zake zote, anajua baba alifariki lini, watoto wangapi, na kesi iko wapi. Mwenye nyumba mwenye hati au leseni ya makazi haoni shida kukuonyesha nakala. Pesa mpe yeye mwenyewe mbele ya shahidi, uandikiwe. Ya dalali itoke ukishapata ufunguo na mkataba.

Na msome kuta. Mmepita mara nyingi kwenye nyumba zilizoandikwa kwa rangi kubwa "NYUMBA HII HAIUZWI". Hayo si mapambo. Ndugu wanagombania mirathi, au mmoja wao alijaribu kuiuza kwa siri, na wenzake wakaandika ili mnunuzi ashtuke. Wewe mpangaji utakuja kulipa kodi kwa kaka, halafu dada atakuja na mjumbe kusema hajui pesa hizo. Kama nyumba ni ya mirathi, umuone msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake ndilo liwe kwenye mkataba. Alama ya X nyekundu, ya nyumba inayosubiri kubomolewa, ndiyo usiijadili kabisa. Mwaka 2017 nyumba za pembeni mwa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda mbele zilibomolewa kupisha barabara, na kati ya waliotoa vyombo nje walikuwemo wapangaji waliokuwa wamelipa kodi yao.

Mkataba uandikwe hata kama mama mwenye nyumba anakuita mwanangu. Karatasi moja inatosha: majina na namba za vitambulisho vya NIDA, chumba kipi, kodi kiasi gani na kuanzia lini mpaka lini, taarifa ya muda gani mmoja akitaka kuvunja, nani anatengeneza bati likivuja na choo kikijaa, mchango wa LUKU na maji, na hali ya chumba siku unapokipokea, mfano kitasa kizima, kioo kimoja kimepasuka. Saini zenu, mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa. Piga picha za chumba siku hiyohiyo. Mambo yakiharibika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na kitu cha kwanza watakachokuomba ni karatasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mabinti mnaliandika kwa mzunguko, naomba tuliseme wazi. Baba mwenye nyumba akianza kukuuliza kama una mchumba, akasema kodi si tatizo mtazungumza, akataka umfuate kwenye chumba kitupu bila mtu mwingine, ondoka. Usimtafutie sababu, usijiambie labda ni mcheshi. Dalali naye vivyo hivyo. Kama umeshahamia na amekuwa anagonga mlango usiku, mwambie mama wa chumba cha jirani kesho yake asubuhi, mwambie mjumbe, na nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hujamkosea heshima mtu yeyote kwa kusema. Heshima ya nyumba aliivunja yeye.

Nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo ina masharti: geti linafungwa saa nne, wageni wa kiume hawalali, zamu ya kufagia uani haina ugonjwa. Mabinti wengi mnaikimbia. Mimi kwa mwaka wako wa kwanza mjini ningekuwekea hiyo kwanza, kuliko nyumba isiyo na mwenyewe ambako kila chumba kina ufunguo wa geti na hakuna anayejua nani kamkaribisha nani.

Ukishaingia, jitambulishe. Hapa nawaona wengi wenu mnakosea kwa hofu: mnaingia kimya, mnafunga mlango, hamsalimii, mkidhani kujificha ni usalama. Uswahilini asiyejulikana ndiye anayeibiwa, kwa sababu hakuna wa kumpigia kelele. Nilipokuwa nakaa Manzese, mama aliyekuwa akichoma chapati mbele ya nyumba yetu alijua saa yangu ya kurudi kuliko mimi. Jioni moja nilichelewa foleni, nikamkuta amesimama barabarani na kanga yake begani, chapati zinaungua. "We mwanangu, leo vipi?" Hakuwa ndugu yangu. Nilikuwa nanunua chapati mbili kila asubuhi na kumwamkia shikamoo, basi. Toa mchango wa ulinzi shirikishi ukifika, nenda msibani hata nusu saa, uchukue namba ya simu ya mjumbe na ya polisi kata. Ngoma ya kigodoro ikipigwa mtaani mpaka alfajiri utaudhika, na una haki; lakini siku ya kwanza usiwe wa kwanza kulalamika, waulize majirani wao hulimalizaje jambo hilo.

Na shangazi umwachie ramani: jina la mtaa, jina la mjumbe, jina la mwenye nyumba. Hofu yake itapungua akijua pa kukutafutia.

Siku ya kuhamia, kabla hata ndoo haijaingia, nunua kitasa kipya na fundi akifunge ukiwa umesimama hapo. Aliyehama ana ufunguo, dalali alikuwa nao, na ndugu wa mwenye nyumba huenda wana wao. Kitasa cha zamani mpe mwenye nyumba, akirudishe mlangoni siku ukiondoka. Funguo za akiba, moja ikae kwa shangazi.